Uzito na Tungamo: Kosa si la Kiswahili

Mwanafunzi anayeanza fizikia ya sekondari hukwama mapema: gunia la kilo 50 lina uzito gani? Sokoni tunajibu kilo 50. Fizikia inajibu nyutoni 490 hivi, kwani uzito ni kani ya mvutano wa dunia. Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada.

Wapo wanaodai kuwa utata huu unathibitisha kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi. Historia inawakanusha. Newton alizitenganisha dhana hizi mwaka 1687, kwa Kilatini. Hata hivyo, miaka 214 baadaye, mwaka 1901, wataalamu wa vipimo wa mataifa mbalimbali waliokutana Ufaransa walilazimika kutangaza kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo, na kwamba neno la Kifaransa la uzito litaje kani tu. Hakuna aliyesema Kifaransa hakifai.

Majirani zetu wa Tanzania, kupitia TUKI, walichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Basi istilahi zipo. Hatuna budi sisi walimu kuzitumia hadi zizoeleke.