Mahekalu Mawili, Namba Moja

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Leo tuipime kauli hiyo huko Japani, katika kisiwa cha Shikoku, ambako mahujaji wa Kibudha huzuru mahekalu 88 katika safari ya kilometa zipatazo 1,200. Hufanya hivyo kumkumbuka mtawa Kukai, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774. Mhujaji huvaa nguo nyeupe, hushika fimbo, na hubeba kitabu kinachopigwa mihuri katika kila hekalu.

Kwa miaka mingi, mhujaji aliyefika Kochi akitafuta hekalu namba 30 aliyakuta mawili: Zenrakuji na Anrakuji. Kila moja lilidai kuwa ndilo lenyewe. Je, aende wapi? Wapo waliokwenda kote kuwili, wasije wakafika mwisho wa safari na pengo kitabuni.

Kisa hiki kilianzia mbali. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Ubudha na Ushinto, dini ya jadi ya Wajapani, ziliishi pamoja kama ndugu. Zenrakuji lenyewe lilikuwa bega kwa bega na mahali pa ibada pa Kishinto paitwapo Tosa. Ndipo mwaka 1868 Serikali mpya ya Mfalme Meiji ikaamuru dini hizo zitenganishwe. Amri haikusema mahekalu yabomolewe, lakini mahali pengi ndivyo ilivyokuwa. Zenrakuji likafungwa. Sanamu yake ya Amida ikahifadhiwa kwa jirani, na mwaka 1876 ikapelekwa Anrakuji, ambalo likairithi namba 30.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, Zenrakuji likafufuliwa pale pale lilipokuwa. Basi huyu ana sanamu, yule ana mahali. Nani mwenye haki? Kwa hakika kila upande ulikuwa na hoja, na hakuna hata mmoja ulioanzisha ugomvi. Aliyeupanda ni mtoa amri, naye alikwisha kuondoka zamani.

Mwaka 1994 walipatana: Zenrakuji liwe namba 30, na Anrakuji liwe hekalu lake la ndani, likiendelea kuheshimiwa na kuzuriwa. Mafahali wakakaa zizi moja.

Ndugu msikilizaji, amri huandikwa kwa siku moja. Jeraha la amri hii lilichukua miaka 126 kupona, na waliolitibu si walioliacha. Wenye kalamu za kutenganisha watu hawana budi kulikumbuka hilo kabla wino haujakauka.