Zahabu ya Wafu na Mikono ya Walio Hai

Mapambo ya kale yana nguvu kubwa juu ya moyo wa mtu. Chungu cha miaka elfu moja tunakitazama kwa heshima, kisha tunakipita. Lakini mkufu wa miaka elfu moja tunataka kuushika, kuupima shingoni, na mwishowe kuuweka nyumbani mwetu. Tamaa hiyo si ya leo, wala si ya Wazungu peke yao. Tena kila mara inafuatana na mashaka: pambo hili lilivaliwa na nani? Nani alilitoa shingoni mwake? Mara nyingi jibu ni moja tu: lilitoka kaburini.

Ndugu wasomaji, jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Huku Katanga, kando ya mto Lualaba, udongo unaficha wafu wengi wa zamani, wakubwa kwa watoto, waliozikwa na vikuku na mikufu yao. Mtu anayelima shamba au kuchimba msingi wa nyumba anaweza kuokota kikuku au kipande cha shaba chenye umbo la msalaba, naye anakwenda kumwuliza padri au katekista wake: je, nikiuze? Mbele ya kumjibu, inafaa tujue mambo yaliyowapata wengine. Kwanza tutatazama Roma na inchi ya kandokando yake, maana huko swali hili liliandikwa zamani sana. Kisha tutarudi kwetu, kwenye ziwa Kisale.

1. Sababu gani mapambo yanatuvuta

Mwaka wa 1836, katika Cerveteri, mji ulio karibu na Roma, Padri Alessandro Regolini, mkubwa wa mapadri wa pale, pamoja na jemadari Vincenzo Galassi, walifungua kaburi la Waetruski, watu waliostawi katika inchi ile mbele ya Waroma kuwa na nguvu. Kaburi hilo ni la karne ya 7 mbele ya Kristu. Ndani walikuta bamba la zahabu la kuvaa kifuani, vikuku viwili vya zahabu, na pini kubwa ya kufungia nguo, urefu wake karibu sentimetre 30, yenye sura za simba watano na mabata madogo. Mwaka wa 1837 Papa Gregorio XVI alifungua katika Vatikano museo ya vitu vya Waetruski, na vitu vya kaburi lile vimetunzwa humo hata leo.

Kinachoshangaza si uzito wa zahabu, ni ufundi. Wazee wale walijua kutengeneza punje za zahabu ndogo sana, wakazipanga juu ya bamba mstari kwa mstari, wakazishikisha kwa moto pasipo kuziyeyusha. Jamaa ya Castellani, mafundi wa zahabu wa Roma, walitafuta miaka mingi kuiga kazi hiyo. Walifanya vitu vizuri, lakini hawakuwafikia wazee. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo Mwingereza aitwaye Littledale alipoonyesha njia moja: unga wa madini yenye shaba, ukichanganywa na gundi, unashikisha punje na bamba mbele ya zahabu yenyewe kuyeyuka.

Kwa hiyo tusiwacheke wenye kupenda mapambo ya kale. Anayeshika kitu cha namna hii anashika akili na subira ya mtu aliyekufa zamani. Upendo huo una haki yake.

Walakini kaburi lile lilitolewa vitu vyake kwa haraka, pasipo kuandika vizuri kila kitu kilikuwa wapi. Juu ya vyombo vya feza palikuwa na neno linalosomeka Larthia. Wenye elimu wamebishana muda mrefu kama ni jina la mwanamke aliyezikwa pale, ama ni alama ya mali ya mwanamume aitwaye Larth. Wamebishana kazalika ni vitu gani vililala karibu na maiti gani. Zahabu imebaki. Habari ya mwenye zahabu imeharibika nusu yake.

2. Neno la mfalme Theodoric

Wengine wanasema: wafu hawana kazi na zahabu, afazali iwafae walio hai. Neno hili ni la kale sana. Mwanzo wa karne ya 6 Italia ilitawaliwa na Theodoric, mfalme wa Wagoti, na barua zake ziliandikwa na Cassiodorus, mtu wa elimu kubwa. Katika barua moja mfalme anaamuru mtumishi wake atafute zahabu na feza zilizofichwa makaburini na kuzileta katika hazina ya serikali, maana mali isiyo na mwenyewe hailii mtu. Lakini anaongeza agizo: majivu ya wafu yasiguswe.

Katika barua nyingine tunasoma habari ya padri mmoja, jina lake Laurentius, aliyeshitakiwa kwamba alichimbua makaburi na kutafuta mali kati ya maiti. Mfalme anaagiza jambo lichunguzwe. Likiwa kweli, zahabu irudishwe. Lakini kwa sababu ya heshima ya upadri, azabu yake anamwachia Mwenye kuhukumu wote.

Barua hizi mbili tuzisome pamoja. Tendo ni moja: kutoa zahabu kaburini. Mfalme akilifanya, linaitwa faida ya wote. Padri akilifanya kwa siri, linaitwa aibu. Kumbe hata mfalme yule aliona kwamba swali si zahabu peke yake. Sherti kuuliza vilevile: kwa mikono ya nani, mbele ya macho ya nani, na kwa faida ya nani?

3. Tajiri katika nyumba ya maskini

Katika Roma kulikuwa shirika liitwalo Monte di Pietà, lililoanzishwa mwaka wa 1539 ili kuwaokoa maskini katika mikono ya wala riba. Maskini aliweka rehani nguo au chombo chake, akapewa feza, na baadaye alikuja kukikomboa. Toka mwaka wa 1833 mkubwa wa shirika hilo alikuwa Giampietro Campana. Huyu alipenda vitu vya kale kwa moyo wote. Alichimbisha makaburi, alinunua pande zote, hata nyumba zake zikajaa sanamu, vyombo, picha, na mapambo ya zahabu yaliyosifiwa katika Bulaya yote.

Feza zake zilipopungua, tamaa haikupungua. Alianza kukopa katika sanduku lile alilolisimamia mwenyewe, na kuweka rehani vitu vyake vya kale. Ndiyo kusema, tajiri alikuja kusimama katika mstari wa maskini, na kuchukua sehemu yao. Alikamatwa mwaka wa 1857. Mwaka wa 1858 alihukumiwa kifungo cha miaka 20, kisha azabu hiyo ikageuzwa, akafukuzwa katika inchi. Serikali ya Papa ilichukua mkusanyo wake ili kulipa deni. Mwaka wa 1861 Urusi ilinunua sehemu, na Ufaransa ikanunua sehemu kubwa zaidi kwa franka zaidi ya milioni 4. Mapambo yake mengi yamo sasa katika museo ya Louvre, mjini Paris.

Habari haikuishia hapo. Wenye elimu wa Louvre walipoyachunguza mapambo hayo, waliona kwamba mengi yalitengenezwa upya katika karne ya 19: ushanga wa mahali pamoja umeshonwa pamoja na kidani cha mahali pengine, na sehemu zilizopotea zimejazwa na zahabu mpya. Ilikuwa kazi ya mafundi hodari. Hata jamaa ya Castellani walishiriki. Mkufu unapendeza macho, lakini hakuna mwanamke wa kale aliyeuvaa hivyo. Campana aliwapenda Waetruski kuliko watu wote wa wakati wake, na katika nyumba yake Waetruski walipewa mapambo wasiyoyajua.

4. Wafu wa Sanga

Sasa turudi kwetu. Sanga ni mahali kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Mwaka wa 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba pale; mwaka wa 1958 Jean Hiernaux alimfuata; mwaka wa 1974 Pierre de Maret aliendelea. Walifungua makaburi zaidi ya 100. Makaburi mengi yalikuwa ya wakati ulioanza karibu karne ya 8 na kudumu hata karne ya 13. Mengine ni ya nyuma, mpaka karne ya 18. Wafu walikuwa na mikufu, vikuku na mishipi ya shaba, vitu vya pembe za tembo na vya chuma, na vyungu vizuri sana. Simbi na ushanga wa kioo vilionyesha kwamba biashara ya bahari ya Hindi ilifika mpaka pale, mkono kwa mkono, mbele ya Mzungu ye yote kuonekana.

Tofauti yao na Campana ni hii: kila kitu kiliandikwa pale kilipolala, karibu na mfupa gani, juu ya nani. Faida yake tuione kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza: ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa mfu. Mtoto mdogo aliwekewa vyungu vidogo, mtu mzima vikubwa. Tena watoto wengine walizikwa na mali nyingi. Mtoto hakupata mali ile kwa kazi ya mikono yake. Ni jamaa waliompa. Hivi tunajua kwamba miaka elfu moja iliyopita palikuwa tayari jamaa za cheo kando ya Kisale, katika inchi ambamo baadaye ufalme wa Waluba ulisimama.

Mfano wa pili ni misalaba ya shaba. Isitudanganye kwa umbo lake. Si alama ya Ukristu, maana misalaba ya kwanza inatangulia Wareno, waliofika mdomoni mwa mto Kongo karibu mwaka wa 1482. Shaba ilitoka kusini, ikamiminwa katika kalibu. Katika makaburi ya kwanza misalaba ni michache na mikubwa, imelazwa kifuani pa mfu. Katika makaburi ya nyuma imekuwa midogo na mingi, yenye kufanana, nayo iko mkononi au kiunoni, kama vile mtu anavyobeba feza zake. Hapo wenye elimu walitambua kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa feza ya kununulia. Kifuani ama kiunoni: habari yote imo katika maneno hayo mawili. Msalaba mmoja ukitolewa usiku na kuuzwa mjini, haujui tena kusema ulilala kifuani au kiunoni. Ni kipande cha shaba tu.

Je, wenye elimu hawana deni lo lote? Wanalo. Nao walifungua makaburi ya wazee wa watu walio hai, na mifupa iliondolewa pale jamaa walipoilaza. Daftari iliyoandikwa vizuri haifuti jambo hilo. Inafanya tu kwamba mfu, aliyesumbuliwa, apate angalau kusema jambo kwa wajukuu zake.

5. Tumjibu nini mwenye kuuliza

Tusimwite mwenye kikuku mwizi. Mara nyingi ni maskini, na anayenunua kwake atauza kwa bei iliyo mbali sana na ile aliyompa. Lakini tumweleze mambo matatu. La kwanza, pambo likinunuliwa leo, kesho majembe mengine yatatafuta kaburi lingine. La pili, inchi yetu ina sheria ya kulinda vitu vya kale toka mwaka wa 1971, na mataifa yalipatana katika Unesco mwaka wa 1970 kuzuia biashara yao ya siri. La tatu, aache kuchimba, akumbuke vizuri mahali na ginsi kitu kilivyolala, na apeleke habari kwa wakubwa wa mahali na kwa museo ya Lubumbashi. Katekista anayejua kuandika anaweza kumsaidia siku ileile: tarehe, jina la mahali, kina cha shimo, na vitu vyote vilivyokuwa pamoja.

Nasi wenyewe tujihazari. Padri anapewa zawadi nyingi, na meza yake inaweza kujaa vikuku vya wafu bila yeye kununua hata kimoja. Kupenda vitu vya wazee wetu ni vema. Wengi walifundishwa kuvizarau, na hasara tunaiona. Lakini yule mtoto wa Kisale hakuvishwa shaba ili sisi tupambe meza. Alivishwa na mama yake, siku ya kilio.