'Magazine': Neno Lililotoka Ghalani



Ndugu msomaji, kwanza tumshukuru Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Hiki ulichokishika mkononi wengi wetu tunakiita 'magazine'. Mwalimu wa Kiswahili atakusahihisha useme jarida, na ana haki yake. Lakini hebu tulichunguze neno hilo la Kizungu kidogo, manake ukilifuata linakotoka litakupeleka London na Italia, kisha likurudishe kwenye msahafu wako.

Ukimuuliza askari, 'magazine' ni kile kisanduku cha kuwekea risasi kwenye bunduki. Baharia wa zamani angekuambia ni chumba cha baruti ndani ya meli. Mfaransa akisema magasin anamaanisha duka, na Mrusi vilevile. Sasa duka, baruti, risasi na kitabu cha makala vimekutania wapi?

Wewe uliyepita madrasa jibu unalo tayari. Chukua herufi tatu, khaa, zaa, nuun: khazana, yaani aliweka akiba. Mahali pa kuwekea ni makhzan, na wingi wake ni makhaazin. Wafanyabiashara wa Italia waliokuwa wakinunua bidhaa kwa Waarabu wakalichukua wakasema magazzino. Wahispania walilichukua pamoja na 'al' yake, likawa almacén. Waingereza walilipata katika karne ya 16, na kwao lilikuwa ghala tu, hasa ghala la silaha. (Watu wa Bungoma hawahitaji somo refu kuhusu silaha za Waingereza. Mwaka 1895 waliziona kwenye ngome ya Chetambe, pale juu ya Webuye.)

Baadaye waandishi wakaanza kuviita vitabu vyao 'magazine', kwa maana ya ghala la maarifa. Kisha mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London, Edward Cave, akatoa The Gentleman's Magazine, chapisho la kila mwezi lenye habari za kila aina. Jina likashika. Kwa hiyo jarida unalolisoma ni stoo. Sisi tumejaza makala badala ya magunia.

Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu nimeshasikia ndugu zetu wakisimama wakisema kila neno la Kizungu limeibwa kwa Waarabu. Si kweli, na tusiitetee dini kwa maneno tusiyoyahakiki. 'Gazeti' linafanana sana na 'magazine', lakini si ndugu yake. Lile ni la Kiitaliano, gazzetta, na wengi hulihusisha na sarafu ndogo ya Venice iliyotosha kununulia karatasi ya habari. Kwa upande mwingine, rimu ya karatasi, aina ile iliyokuwa ikitoka kiwanda cha Webuye kabla hakijafungwa mwaka 2009, kwa Kiingereza ni 'ream', na hilo kweli lilianza kama rizma, yaani furushi. Ukweli unatutosha bila kuongezewa chumvi.

Na Kiswahili chetu je? Sisi hatukungoja kupewa neno na Mzungu. Tunalo hazina, na kila chama, hata hiki chetu, kina mweka hazina. Basi yule kijana anayeandika michango yenu kwenye daftari, na jarida hili, na risasi za askari, wote ni wa shina moja.

Sasa fungua Surat Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (a.s.) ametoka gerezani, mfalme wa Misri anamtaka awe karibu naye. Anaomba nini? Anaomba awekwe juu ya khazaain za nchi, yaani maghala, na anataja sifa zake mbili: ni mhifadhi, na ana ujuzi. Ujuzi wake ulikuwa umeonekana tayari aya chache nyuma, ya 47, alipofasiri ndoto na kuagiza mavuno ya ile miaka saba yaachwe ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Mkulima wa Trans Nzoia anaelewa maana yake bila tafsiri. Nafaka ni kitu cha kuhangaikia hata baada ya kuvunwa, maana fukusi wanangoja, na unyevu ukizidi asilimia 13.5 bodi ya nafaka haipokei.

Bodi yenyewe, NCPB, iliundwa mwaka 1979, na maghala yake yapo Kitale na yapo Bungoma. Ukitafsiri kwa Kiarabu ni makhaazin hasa, yale yale ya Yusuf. Lakini mwaka 2018 nchi nzima ilisikia habari za maghala ya bodi hiyo: wakulima waliopeleka mahindi wakikaa bila malipo huku wafanyabiashara wakilipwa mamilioni. Ujuzi haukukosekana, kwani wenye shahada walikuwepo. Ni ile sifa ya kwanza ndiyo ilitafutwa ikakosekana.

Na tusiwanyoshee wakubwa kidole peke yao. Surat al-Israa, aya ya 100, inasema kwamba lau sisi binadamu tungemiliki khazaain za rehema ya Mola wetu, tungezizuia kwa kuogopa kwisha. Fikiria hapo, ndugu yangu. Rehema isiyokwisha, na bado tungeifungia kufuli.

Siku za mwisho za mwezi huu vijana watapita nyumba kwa nyumba kukusanya Zakatul-fitr: pishi ya chakula, takriban kilo mbili na nusu kwa kila mtu nyumbani, mkubwa kwa mdogo, mahindi au mchele. Ukipimia gorogoro, hiyo moja na kidogo zaidi. Yote hupitia kwa mweka hazina, na yote inatakiwa iwe imewafikia wenyewe kabla ya swala ya Idi. Baada ya swala inahesabiwa sadaka ya kawaida tu. Kwa hiyo asubuhi ile, mkipita msikitini mkikuta stoo imefagiwa na hakuna hata gunia moja, msiulize mahindi yameenda wapi. Ulizeni daftari.