Matawi ya 1895 na wadudu wa mjini

Wadau, leo tuiache siasa kidogo, tuzungumze habari za mti.

Kule Raleigh, jimbo la North Carolina, Marekani, mitaa mingi imepandwa mepo mwekundu, ndugu wa ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Gome lake hushambuliwa na mdudu gamba, kitone cha kijivu kama kichwa cha pini, kinachojibandika, kujifunika na kufyonza. Mmoja hana neno. Wakijaa, matawi hukauka.

Lakini mbona wanajaa mjini, na msituni ni wachache? Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo, akiwemo Adam Dale na Steven Frank, walikwenda kupima. Lami na zege hutunza joto, tena huzuia mvua isifike kwenye mizizi. Mti unachemka huku una kiu. Kwenye mti wa namna hiyo, mdudu jike hunenepa na kuzaa zaidi.

Mbishi (nami nimo) atauliza: mjini kuna moshi na vumbi, utajuaje kuwa ni joto? Hapo ndipo historia inapoingia. Tangu 1895 hadi 2011, wataalamu wa mimea walikata matawi ya mti huu sehemu mbalimbali za kusini-mashariki mwa Marekani, huko mashambani na misituni, wakayakausha na kuyahifadhi makabatini. Wadudu walikauka nayo. Elsa Youngsteadt na wenzake wakayatoa, wakawahesabu. Matawi yaliyokatwa vipindi vya joto yalikuwa na wadudu wengi zaidi, na lami haikuwepo. Mwaka 2013 walirudi kwenye misitu iliyokatwa matawi miaka ya 1970. Mingi ilikuwa na wadudu kuliko zamani. Matokeo yalichapishwa 2015.

Ushahidi huu naupenda kwa sababu waliokata matawi yale hawakuwa na habari na mjadala wetu. Hakuna wa kumshuku kwamba alipendelea upande.

Kinachoniudhi ni kwamba mti wa mtaani ukianza kukauka, watu hukimbilia bomba la dawa. Aliyemwaga zege hadi shinani hasemwi kabisa! Dale na wenzake walitoa kipimo cha bure: simama pale unapotaka kupanda, tembea hatua 25 kila upande, pande nne, uhesabu ngapi zimekanyaga lami au zege. Jumla ni hatua 100, kwa hiyo jibu ni asilimia moja kwa moja. Ikiwa kubwa, mepo mwekundu usiupande hapo, tafuta mti mwingine.