Tela la ng'ombe: pima uzito kabla ya bei

Anayetaka kununua tela la kubebea ng'ombe, lile linalofungwa kwenye ndoano ya nyuma ya pikapu, hana budi kuanza na hesabu ya uzito. Ng'ombe wa Friesian aliyekomaa huweza kufikia kilo 600. Wanne ni kilo 2,400. Tela tupu la chuma likiwa na kilo 1,000, gari litavuta kilo 3,400. Si kila pikapu inaruhusiwa kuvuta kiasi hicho. Kikomo kimeandikwa katika kitabu cha gari, na si kila muuzaji wa tela atakukumbusha kukisoma.

Isitoshe, mzigo huu, tofauti na saruji, una miguu. Ng'ombe wakirudi nyuma wote kwa pamoja, uzito unaoikandamiza ndoano hupungua na tela huanza kuyumba. Katika mteremko laweza kulitoa gari barabarani. Uzito huo hupaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililojaa. Kwa hiyo lango la kati la kuwagawa wanyama ni la lazima, sawa na breki za tela lenyewe.

Sakafu ndiyo huwaponza wanunuzi wa tela lililotumika. Mkojo na kinyesi huozesha mbao na kula chuma, ilhali rangi ya nje ingali inang'aa. Inua mpira uliotandikwa, ingia uvunguni, gonga ubao mmoja mmoja. Ubao ukivunjika safarini, mguu wa ng'ombe hupenya na kuburuzwa juu ya lami, na dereva asijue lolote.