Wapiga Kafi wa Pwani ya Bukoba

Kabla ya meli za mvuke, safari ndefu za Ziwa Victoria zilifanywa kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa. Mafundi, hasa wa visiwa vya Sese, walichonga mkuku kwa gogo moja, wakashonea mbao juu yake kwa nyuzi za mimea. Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875, aliandika kuhusu mtumbwi wa Buganda wenye urefu wa futi 72.

Mishono ilivuja, hivyo kukumba maji kulikuwa kazi ya kila safari. Wapiga kafi walikwenda kwa mwendo mmoja, mshika usukani akiwa nyuma. Njia ya kutoka Buganda kwenda kusini ilifuata pwani ya Bukoba na visiwa vya Muleba, kwa kuwa dhoruba huzuka ghafla. Wahaya, wenyeji wa pwani hiyo, waliamini kwamba ziwa na dhoruba zake viko chini ya mungu wao Mugasha.

Jioni mitumbwi ilivutwa nchi kavu; watu wakapika, wakalala. Kwa sababu hiyo maisha ya baharia yalitegemea ukarimu wa wenyeji kama yalivyotegemea upepo. Aprili 1875, Stanley alipotua katika kisiwa cha Bumbire kutafuta chakula, wenyeji waliivuta mashua yake ufukweni na kuchukua makasia. Alitoroka, kisha akarudi Agosti na kuua watu wengi kwa bunduki. Mwaka 1878 mambo yalikuwa tofauti: dhoruba iliivunja mashua ya mmishenari Alexander Mackay katika pwani ya Uzongora, magharibi mwa ziwa, na wenyeji wakamwacha aitengeneze kwa amani. Alikata sehemu ya katikati ili apate mbao za kuziba mbele na nyuma. Kazi ilichukua wiki kadhaa.

Wakati huo tanga la pwani ya Bahari ya Hindi lilikuwa limeshafika ziwani. Songoro, mfanyabiashara wa Kageyi kusini mwa ziwa, alikuwa na jahazi miaka ya 1870. Tanga lilipunguza jasho la kafi, lakini halikuondoa haja ya kutua.

Emin Pasha, akiwa katika utumishi wa Ujerumani, alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, mashariki mwa ziwa, mwaka 1901, meli za mvuke zilichukua shehena za ngozi na kahawa. Meli haikuhitaji kuomba kambi kwa mtu. Mitumbwi ikabaki kwa uvuvi na safari fupi za visiwani.