Joto la Kaskazi na Paa la Bati

Mtu wa Dodoma anayeteremka Dar es Salaam mwezi wa Februari hulalamika kwamba amekuta joto asilolijua, ingawa kipimajoto hakimuungi mkono sana. Kwao pia, Oktoba na Novemba, huweza kufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na mchana wa Dar es Salaam katika kaskazi hucheza papo hapo, 31 hadi 33. Lakini mgeni wetu kanzu imemganda mgongoni, usiku hapati usingizi, na akitoka kuoga haelewi kama yale ni maji au ni jasho.

Nilipokuwa nikifundisha sayansi, somo hili nililianzia kwenye mtungi. Mtungi wa udongo hutoa maji kidogo kidogo kupitia vinyweleo vyake; maji hayo yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye mtungi, na maji yaliyobaki ndani yakapoa. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Sasa, ili jasho ligeuke mvuke, hewa haina budi kuwa na nafasi ya kuupokea. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, ina nafasi tele. Ndiyo maana mtungi wa Ugogo hutoa maji ya baridi ya kuburudisha moyo. Hewa ya pwani wakati wa kaskazi imekwisha kushiba mvuke wa bahari. Jasho likitoka halina pa kwenda, humtiririka mtu tu mpaka miguuni bila kumpoza. Mtungi nao hupoza, lakini kwa uvivu.

Kutokana na jambo hilo, ndugu msomaji, utaona kwa nini watu wa pwani walishughulika na upepo kuliko kitu kingine chochote. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, kusi huchukua zamu kuanzia Aprili na kuleta nafuu, na katikati yao huja tangambili, siku za pepo zisizo na msimamo, ambapo matanga hulegea na watu nao hulegea. Upepo ukipita juu ya ngozi huondoa ile hewa iliyoshiba na kuleta nyingine, na jasho likapata njia. Mzee asiyejua kusoma aliliona hilo alipochagua upande wa kuweka mlango wa nyumba yake.

Ushahidi wa zamani tunao. Kule Kilwa Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa mapema katika karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, ambapo upepo haukosi, likiwa na birika la maji la pembe nane. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilifuata njia nyingine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, kiasi kwamba jua la mchana huchukua saa nyingi kupenya. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mita tatu hivi, lakini dari iko juu, na hewa ya moto hupanda ikakaa huko mbali na vichwa vya watu. Mitaa imebanana ili nyumba moja iitilie kivuli nyumba ya pili, na Lamu huko wikio huvuka juu ya kichochoro na kuongeza kivuli kingine. Ndani kuna kiwanda kilicho wazi juu, na hewa ya nyumba nzima hupumulia hapo. Kasoro ya jiwe ni kwamba joto lililoingia polepole hutoka polepole vilevile; usiku kuta huwa zingali vuguvugu. Kwa hiyo watu walilala darini au barazani, juu ya kitanda cha kamba kinachopitisha hewa chini ya mgongo.

Baadhi ya waandishi husimulia habari za nyumba hizo kana kwamba zilijijenga zenyewe. Mawe yalikatwa, yakabebwa vichwani, na chokaa ikachomwa, na wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kama Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886. Ameeleza humo jinsi watumwa walivyowapepea wakubwa wa jumba hadi wakapata usingizi. Anasimulia kama jambo la kawaida, na kwake lilikuwa la kawaida. Mimi nikisoma hapo hujiuliza yule mpepeaji alilala saa ngapi, na alipepewa na nani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini desturi ya mmoja kutoa jasho ili mwingine apoe haikufutwa siku hiyo.

Watu wengi wa pwani hawakukaa katika nyumba za mawe. Walikaa katika nyumba za fito, udongo na makuti. Nyumba hizi hazisifiwi katika vitabu vya watalii, lakini kwa habari ya joto sioni kama zilishindwa. Makuti hayapitishi joto upesi. Kati ya ukuta na paa kuna mwanya wa kutolea hewa. Njia ya katikati hutoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, na upepo hufuata njia hiyohiyo kama mwenye nyumba. Barazani watu hungoja alasiri. Kazi nzito ilifanywa alfajiri, adhuhuri maduka yakafungwa, na mtu akajilaza kidogo. Mwenzetu kutoka Ulaya aliyeona hayo mara nyingi aliandika kwamba watu wa pwani ni wavivu. Hakuwa na kipimajoto mkononi, au alikuwa nacho akakisoma akiwa kivulini kwake.

Maana Wazungu nao walilijua joto, tena waliliogopa mno. Kwa muda mrefu waliamini kwamba homa huletwa na hewa mbaya ya nchi za joto. Neno malaria, kwa asili ya Kiitaliano, maana yake ni hiyo hiyo, hewa mbaya. Hata baada ya Ronald Ross kugundua mwaka 1897, huko India, vimelea vya malaria ndani ya mbu, kofia ngumu za kujikinga na jua ziliendelea kuvaliwa kwa miaka mingi. Wajerumani waliofanya Dar es Salaam makao makuu mwaka 1891 walijichukulia upande wa bahari, wakajenga nyumba zenye dari za juu na veranda pana kuzunguka pande zote. Joto likizidi, waliojiweza walipanda Usambara, hadi mji waliouita Wilhelmstal, ndio Lushoto ya leo, ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 safari hiyo ikawa nyepesi. Waingereza walipochukua nchi hawakubadili mpango huo. Uzunguni kukabaki Uzunguni, na baadaye Oyster Bay ikapokea upepo wa bahari kabla haujamfikia mtu wa Kariakoo.

Lugha yetu imehifadhi kitu kimoja cha zama hizo. Feni ya darini tunaiita pangaboi. Sehemu ya kwanza ni neno la Kihindi, pankha, yaani kipepeo. Ya pili ni boi, mtumishi. Kabla ya umeme, kipepeo kikubwa cha kitambaa kilining'inizwa darini, kikafungwa kamba, na mtumishi akakaa nje au pembeni akiivuta saa nzima bwana akila, akiandika au akilala. Umeme ukaja, mtumishi akaondoka, jina lake likabaki darini linazunguka. Sijaona mwanafunzi niliyemweleza asili ya neno hilo ambaye hakuinua macho kuitazama feni upya, pale ilipokuwapo feni.

Bati ndilo lililobadili sura ya nchi. Lilipatiwa hataza London mwaka 1829 na mhandisi aitwaye Henry Palmer, na mbinu ya kulipaka zinki ikafuata katika miaka ya 1830 huko Ufaransa. Ni jepesi, hupangwa melini na kwenye behewa kama kurasa za kitabu. Wasiolimudu walikunjua madebe ya mafuta ya taa wakaezeka kwayo, na mapaa hayo yenye kutu tuliyaona sana mijini utotoni mwetu. Nisilikashifu bure. Makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, hushika moto kwa cheche moja, na huhifadhi panya na nyoka. Bati humkingia mama maji ya mvua, na usiku hupoa mara jua linapotua. Lakini mchana bati tupu ni jiko. Ni jembamba, huchemka upesi, na upande wake wa chini huwamiminia joto walio ndani.

Mabwana walioleta bati walilijua hilo fika, ndiyo sababu chini ya bati la ofisini waliweka dari ya mbao, na kati ya bati na dari wakaacha nafasi ya hewa. Shule ya mtoto wa Kiafrika ilipata bati bila dari. Ni bati lile lile.

Baada ya Uhuru tulikuwa na nafasi ya kuligawa jambo hili upya. Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliwakemea wananchi na viongozi kwa kuabudu saruji na bati, akasema vigae vya udongo wetu wenyewe ni bora kuliko bati, na kwamba tunaipenda saruji kwa kuwa tunaiona ni udongo Ulaya. Maneno yale yalisomwa, yakapigiwa makofi. Mwaka huohuo tulikuwa mbioni kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, na darasa la haraka lilikuwa kuta nne na bati. Siwalaumu waliojenga. Watoto walikuwa wengi, fedha haba, na bila madarasa yale wengine wasingejua kusoma hadi leo. Ila watoto walipozidi nafasi, shule zikaingia zamu mbili, na zamu ya mchana ikaangukia wadogo katika saa ambazo babu zao walikuwa wamejilaza.

Katika shule moja niliyoiongoza, si mbali na Tanga, wazazi walichoka kuwaona watoto wakirudi wamelegea. Wanaume wakakata fito, wanawake wakasuka majamvi, na kwa Jumamosi tatu tukaweka dari ya majamvi katika madarasa mawili, tukiacha nafasi kama mkono mmoja chini ya bati. Tofauti ilijulikana siku ya kwanza. Watoto waliacha kufuta viganja kwenye nguo kabla ya kushika kalamu, na daftari hazikulowa tena. Baada ya miezi akaja mkaguzi. Alitazama juu, akauliza kama hii ni shule au ni banda la samaki, akaagiza majamvi yaondolewe kwa kuwa yanashusha hadhi. Nilimweleza habari za hewa na joto, aliniambia nimwandikie. Nikaandika mara mbili. Majamvi yalishushwa, na hakuna kilichowekwa badala yake muda wote niliokuwa pale.

Nilichokuwa nikikiona kwa macho sasa kimepimwa. Mwaka 2020 wachumi wa Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia matokeo ya wanafunzi wapatao milioni 10 waliorudia mtihani mmoja. Katika shule zisizo na viyoyozi, kila ongezeko la digrii moja ya Farenhaiti, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii ya Selsiasi, katika mwaka wa masomo lilipunguza kama asilimia moja ya kile ambacho wangejifunza mwaka huo. Walioumia zaidi ni watoto wa jamii zenye kipato kidogo. Kwa kaskazi yetu sina tarakimu za namna hiyo, lakini mwalimu yeyote wa pwani anajua kipindi cha hesabu cha saa nane mchana kilivyo.

Kiyoyozi chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1902 Willis Carrier alitakiwa kusaidia kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambapo unyevu wa kiangazi ulifanya karatasi zitanuke na kusinyaa hata rangi zisikae mahali pake. Alitengeneza mtambo wa kukausha hewa ili karatasi itulie. Leo mtambo huo uko katika ofisi zetu, na nadhani mahali pengi umekuwa alama ya cheo kama ilivyokuwa veranda. Joto unaloliondoa chumbani haliishi, hulitupa nje. Pita kichochoro chochote cha Mji Mkongwe mchana wa Februari usikie mashine zikinguruma na maji yakikudondokea begani, huku hewa ya moto ikishushwa pale pale ambapo wazee walibana mtaa ili upoe.

Shuleni kwetu, baada ya majamvi kushushwa, tulipanda miarobaini upande wa magharibi wa madarasa, kila mtoto wa darasa la nne na mche wake wa kumwagilia. Mwarobaini haukawii kukua. Nilipopita huko hivi karibuni mitano ilikuwa imesimama, imelipita paa kwa urefu, na darasa la tatu la zamu ya mchana lilikuwa chini ya miti, ubao umeegemezwa kwenye shina. Chumba chao kilikuwa kitupu. Nilimwuliza mwalimu, kijana wa kike, kama wamepewa ruhusa. Akasema, "Shikamoo mzee. Kule ndani hawasikii ninachosema," akageuka akaendelea na jedwali la saba.